Pampu ya Moyo Ikitazamwa kutoka Mukuru kwa Reuben

Katika historia ya tiba ya moyo ni vigumu kupata chombo kinachotegemea mambo ya nje ya hospitali kuliko pampu inayopandikizwa kifuani ili kuusaidia moyo uliochoka. Upasuaji ukishamalizika na mgonjwa akaruhusiwa kwenda nyumbani, huondoka na waya unaotokeza kwenye ngozi ya tumbo, betri mbili zinazoning'inia ubavuni, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo kiwango chake hurekebishwa kila mara kwa kupima damu, na tundu dogo lisilofunga kamwe ambalo lazima lisafishwe kwa uangalifu ili vijidudu visipenye. Kwa hiyo historia ya pampu hii haitoshi kufuatwa katika maabara za Marekani peke yake. Yapo mengi ya kujifunza kwa kuitazama kutoka mahali ambapo haijafika, na makala haya yanaitazama kutoka Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda ulio katika eneo bunge la Embakasi Kusini jijini Nairobi, ambao ulikua kati ya viwanda na Mto Ngong kwa nguvu za vibarua waliotaka kulala karibu na kazi.

Moyo ulioshindwa haujasimama. Bado unapiga, ila nguvu zake hazitoshi kuufikishia mwili damu unayoihitaji. Maji hujaa miguuni na mapafuni, pumzi hukatika kwa mwendo wa hatua chache, na mgonjwa hulala ameegemea mito kwa sababu akilala chali huishiwa na hewa. Vidonge vya kupunguza maji mwilini na vya kuupunguzia moyo mzigo huweza kumsaidia kwa miaka, lakini ipo hatua ya mwisho ambayo dawa hazina la kufanya, na hapo ndipo pampu inapoingia. Kazi yake ni kuchota damu kutoka ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, na kuipeleka moja kwa moja katika aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Moyo wenyewe hubaki mahali pake.

Wazo la kuikabidhi mashine kazi ya moyo lilithibitishwa tarehe 6 Mei 1953 mjini Philadelphia, pale daktari John Gibbon alipoziba tundu ndani ya moyo wa msichana wa miaka 18 huku mashine ya nje ikisukuma damu na kuitia oksijeni kwa muda usiofika nusu saa. Upasuaji wa moyo uliofunguliwa ukawezekana, na papo hapo likazuka swali ambalo halikuwapo awali: afanyiwe nini mgonjwa ambaye mashine ikizimwa, moyo wake unakataa kurudi kazini? Jibu la kwanza lenye mafanikio lilitoka Houston mwezi Agosti 1966, ambapo Michael DeBakey alimbadilishia mwanamke kutoka Mexico vali mbili za moyo, na alipoona ventrikali ya kushoto haina nguvu akaiunganishia pampu iliyokaa nje ya mwili kwa siku kumi, hata moyo ukapata nafuu na mgonjwa akarudi kwao. Vitabu vya historia humtaja mwanamke huyo kwa haraka kabla ya kuendelea na habari za mioyo ya bandia, na hilo ni kosa, kwa maana mgonjwa wa kwanza kunusurika kwa pampu ya namna hii aliletwa hospitalini na vali zilizoharibika, ambazo ndizo zinazowaleta vijana wengi wa Afrika Mashariki katika kliniki za moyo hadi leo.

Yaliyofuata yalitawaliwa na shauku ya moyo kamili wa bandia. Serikali ya Marekani ilikuwa imeanzisha mpango wa kuutengeneza mwaka 1964, na upandikizaji wa moyo wa binadamu uliofanywa na Christiaan Barnard katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, ulizidisha haraka hiyo, ingawa mgonjwa wake Louis Washkansky aliishi siku 18 tu. Mwaka 1969 Denton Cooley aliweka moyo wa bandia kifuani mwa mgonjwa kwa siku zisizotimia tatu akingoja moyo wa mtu, na kwa kuwa chombo hicho kilidaiwa kutoka katika maabara ya DeBakey, mabingwa hao wawili wa mji mmoja walikaa takribani miaka arobaini bila kupatana. Mwaka 1982, huko Utah, daktari wa meno Barney Clark aliishi siku 112 na moyo uitwao Jarvik-7, akiwa amefungwa kwa mirija kwenye mashine ya hewa yenye uzito wa kilo zipatazo 180. Aliyeokolewa kwa namna ile alibaki mfungwa wa chumba chake, na wahandisi wengi wakarejea kwenye wazo dogo zaidi la DeBakey: kuusaidia moyo badala ya kuung'oa.

Pampu za kwanza za kupandikizwa ziliiga moyo. Zilikuwa na mfuko unaojaa na kubanwa, pamoja na vali za kuzuia damu isirudi nyuma, na moja kati yake, HeartMate, iliidhinishwa Marekani mwaka 1994 kwa wagonjwa wanaongoja moyo wa kupandikizwa. Swali gumu zaidi lilikuwa la wale wasiokuwa na moyo wowote wa kungojea. Utafiti uitwao REMATCH, uliotangazwa mwaka 2001, uliwagawa wagonjwa 129 wa namna hiyo katika makundi mawili: baada ya mwaka mmoja asilimia 52 ya waliopata pampu walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 25 ya waliotumia dawa, na baada ya miaka miwili hesabu zilikuwa asilimia 23 na asilimia 8. Tofauti ilikuwa kubwa, lakini msomaji anayeziangalia hesabu hizo bila ushabiki ataona pia kwamba zaidi ya robo tatu ya waliopewa pampu walikuwa wamekufa kabla ya mwaka wa tatu. Maambukizi yaliwaua wengi, na mifuko na vali za pampu zenyewe zilichakaa.

Njia ya kutoka katika mkwamo huo ilionekana kwanza Afrika, katika mashamba ya kando ya Mto Nile. Mwaka 1976 daktari Mmarekani Richard Wampler, akiwa Misri kwa kazi ya kujitolea, aliwatazama wakulima wakiinua maji ya kumwagilia kwa kuzungusha parafujo ya Archimedes, chombo cha zaidi ya miaka elfu mbili ambacho ni bomba lenye ubapa uliojisokota ndani yake, ambao kila ukizunguka hupandisha maji. Wampler alijiuliza kama damu nayo haiwezi kupandishwa hivyo. Wataalamu wengi waliamini kwamba chembe za damu zingesagwa na kitu kinachozunguka kwa kasi, na kwamba mwili haungeweza kuishi na damu inayotiririka bila mapigo. Pampu yake ndogo iliyopitishwa ndani ya mshipa, Hemopump, ilitumiwa kwa mgonjwa mwaka 1988 katika Texas Heart Institute, na hofu zote mbili zikaonekana zilikuwa kubwa kuliko hatari yenyewe. Inafaa isemwe wazi kwamba teknolojia ambayo leo huuzwa Afrika kwa bei isiyofikika ilizaliwa na jicho lililotulia juu ya kazi ya wakulima wa Afrika.

Kutoka hapo pampu ikawa kitu chenye sehemu moja tu inayotembea. HeartMate II, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008 kwa wanaongoja moyo na mwaka 2010 kwa watakaoishi nayo hadi mwisho wa maisha yao, ilikuwa na rota inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Iliyoifuata, HeartMate 3, rota yake huelea katika nguvu za sumaku bila kugusa kuta, jambo linalopunguza msuguano na mabonge ya damu. Kati ya waliowekewa katika utafiti wake mkubwa, asilimia 58 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Wagonjwa wengi wa pampu za aina hii hawana mapigo yanayosikika mkononi, na mashine ya kawaida ya kupimia presha mara nyingi haisomi kitu kwao. Jambo hili huandikwa kama kioja katika magazeti, lakini uzito wake ni wa kiutendaji: muuguzi wa zahanati asiyefundishwa, akiletewa mgonjwa wa aina hiyo akiwa amezimia, atamdhania maiti.

Pampu pia humfunga mgonjwa kwa mtengenezaji. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Medtronic iliacha kuuza pampu yake ya HVAD, baada ya kuonekana kwamba ilihusishwa na vifo na viharusi vingi kuliko mshindani wake na kwamba nyingine zilichelewa au zilishindwa kuwaka tena zikizimwa. Maelfu ya watu waliokuwa nayo kifuani walibaki wakihitaji betri, vidhibiti na mafundi wa chombo kilichoondolewa sokoni. Katika nchi zenye vituo vingi wagonjwa hao waliendelea kuhudumiwa. Nchi yenye mgonjwa mmoja au wawili ingekuwa na kazi kubwa.

Je, mioyo ya Afrika Mashariki ndiyo ambayo pampu hizi zilitengenezewa? Sehemu kubwa ya jibu ni hapana, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Katika nchi tajiri mgonjwa wa kawaida wa pampu ni mtu mwenye umri mkubwa ambaye mishipa ya moyo wake iliziba au misuli yake ikatanuka na kulegea. Utafiti wa THESUS-HF, uliowafuatilia wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulionyesha picha tofauti: wastani wa umri ulikuwa miaka 52, shinikizo la damu lilikuwa chanzo kwa karibu nusu yao, homa ya rumatiki kwa asilimia 14, na kuziba kwa mishipa ya moyo kwa chini ya asilimia 8. Utafiti mwingine, REMEDY, uliohusu ugonjwa wa vali utokanao na homa ya rumatiki, ulikuta nusu ya wagonjwa wake wana umri wa miaka 28 au chini ya hapo.

Vali iliyobana kati ya chumba cha juu na cha chini cha upande wa kushoto huizuia damu kabla haijafika mahali ambapo pampu huchota, na msongamano unaorudi mapafuni huuchosha upande wa kulia wa moyo, upande ambao pampu ya kushoto haiusaidii. Mgonjwa kama huyo anahitaji kwanza mpasuaji wa vali. Ugonjwa ambao J. N. P. Davies aliueleza katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1940, ambamo kovu hutanda ndani ya ventrikali na kuipunguza nafasi, ni mgumu zaidi, kwa sababu ndani ya chumba kilichojaa kovu mdomo wa pampu haupati pa kukaa. Lipo kundi la wagonjwa wa eneo hili linalofanana na wale ambao pampu iliwakusudia, nalo ni la wanawake ambao moyo hutanuka na kulegea katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Baadhi ya mioyo yao hupona kabisa ikipewa muda, na pampu inaweza kuununua muda huo. Katika hospitali ya Harefield, Uingereza, kundi la Magdi Yacoub, mpasuaji mzaliwa wa Misri, lilitangaza mwaka 2006 kwamba kati ya wagonjwa 15 wenye mioyo iliyotanuka waliopewa pampu pamoja na dawa maalumu, 11 walipona kiasi cha kuondolewa pampu. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, hiyo ndiyo sura ya pampu inayostahili kuzungumzwa zaidi Nairobi.

Kenya haikuanzia patupu. Hospitali iliyofunguliwa mwaka 1901 kwa ajili ya Waafrika wa Nairobi, ikabadilishwa jina kuwa King George VI na hatimaye kuwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta baada ya uhuru, ilianza upasuaji wa moyo uliofunguliwa katika miaka ya 1970. Hospitali ya Mater ya South B, iliyoanzishwa na watawa wa shirika la Huruma mwaka 1962, ilijenga mpango wake wa moyo katika miaka ya 1990 ikisaidiwa na mbio za hisani za Mater Heart Run, ambazo fedha zake ziliwalipia upasuaji watoto wengi ambao wazazi wao wasingeweza. Mater iko upande wa pili tu wa Eneo la Viwanda kutoka Mukuru, na watawa wa shirika hilohilo, akiwamo Mary Killeen, ndio waliofungua shule ndani ya Mukuru katika miaka ya 1980. Madaktari Dan na Betty Gikonyo walianzisha The Karen Hospital, nayo hospitali ya misheni ya Tenwek huko Bomet ikawa kituo cha kuwafunza wapasuaji wa vali. Uganda ilianzisha taasisi yake ya moyo Mulago mwaka 1988. Tanzania ikaanza upasuaji wa moyo uliofunguliwa Muhimbili mwaka 2008 na kuipa kazi hiyo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwaka 2015. Hata hivyo foleni ni ndefu kila mahali, wenye uwezo huenda India, na upandikizaji wa moyo wa mtu mwingine haujawa tiba inayopatikana Kenya, hivyo pampu ya kungojea moyo haina moyo wa kungojea.

Mukuru kwa Reuben yenyewe inaeleza yaliyosalia. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Reuben, Mukuru kwa Njenga na Viwandani kuwa Eneo Maalumu la Mipango, eneo la ekari zipatazo 650 lenye takribani kaya 100,000. Utafiti uliotumika katika mpango huo uliofanywa na vyuo vikuu pamoja na Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakazi wa mitaa ya mabanda, ulionyesha kwamba wakazi hulipia maji na stima bei ya juu kuliko mitaa iliyopimwa, tena kwa huduma duni. Betri mbili za HeartMate 3 hudumu hadi saa 17 zikiwa zimejaa, kisha lazima zichajiwe; mwenye kutegemea stima za sambaza, yaani zilizounganishwa bila mita halali, ambazo hukatwa na kuunganishwa tena bila taarifa, hawezi kuuweka uhai wake juu ya hesabu hiyo. Hata mwenye mita halali alibaki gizani usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia nyumba za kando ya Mto Ngong, na maji ya namna hiyo ni hatari kwa mtu mwenye waya unaotoka tumboni.

Ipo pia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo mgonjwa wa pampu huinywa maisha yake yote. Ikipungua, damu huganda ndani ya pampu. Ikizidi, mgonjwa huvuja damu tumboni au kichwani. Ni dawa ileile wanayoinywa waliowekewa vali za chuma Kenyatta, Mater au Tenwek, na mahitaji yake ni yaleyale: maabara iliyo karibu, nauli ya kuifikia, na mtu wa kusoma majibu siku hiyohiyo. Kituo kinachoweza kumhudumia vizuri mwenye vali ya chuma kwa miaka kumi kimeshavuka sehemu kubwa ya njia ya kumhudumia mwenye pampu, na kisichoweza hakifai kuguswa na mazungumzo ya pampu.

Kenya ina somo lake kuhusu mashine zinazotangulia wahudumu. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kukodi vifaa vya kisasa kwa hospitali 98, vikiwamo vya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na mwaka 2020 kamati ya Seneti iliyouchunguza ilieleza kwamba vifaa kadhaa vilikaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, maji, umeme au majengo. Lakini mpango huohuo, pamoja na kasoro zake, uliisogeza huduma ya figo kutoka Nairobi hadi kaunti za mbali, huduma ambayo miaka michache nyuma ilisemwa kuwa ni ya matajiri. Kwa hiyo wanaoiita pampu ya moyo anasa isiyowahusu Wakenya wanakosea sawa na wanaotaka kuinunua kesho.

Mpangilio wa kazi ndio wenye uzito. Homa ya rumatiki huanza kwa maambukizi ya koo yanayosababishwa na bakteria wa streptokoka, ambao husambaa kwa urahisi pale watu wengi wanapolala chumba kimoja, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mabati za Mukuru. Kinga ya mwili, katika kupambana nao, huzishambulia vali. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda kwa watoto na vijana 818 waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa, uliotangazwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba waliochomwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili walizidiwa na ugonjwa kwa chini ya asilimia 1, ilhali wasiochomwa walizidiwa kwa asilimia 8. Kuhusu shinikizo la damu, wachunguzi wa kituo cha utafiti wa afya cha APHRC, ambao wamekuwa wakizifuatilia kaya za Viwandani na Korogocho tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, waligundua kwamba ni kama mtu mmoja tu kati ya watano wenye presha ya juu aliyejua kuwa anayo. Wengi kati ya wanne waliobaki hujua siku wanapopelekwa wakiwa wamevimba miguu, na huo ni mlango wa nyuma wa historia yote iliyosimuliwa hapa.

Mwezi Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mikoba yenye mashine za kupimia presha, na tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya bima ya zamani, ikiwa na hazina iliyokusudiwa kulipia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Kaunti ya Nairobi inapaswa kuhakikisha kwamba kila zahanati ya Mukuru ina penisilini ya sindano na vidonge vya presha mwaka mzima, na Wizara ya Afya iteue hospitali moja ya umma itakayojenga kliniki ya wafarini, daftari la wagonjwa wa moyo kushindwa na timu ya wapasuaji wa kudumu. Hospitali hiyo ndiyo itakayokuwa na haki ya kuomba pampu ya kwanza.